Kwa Nini Hakuna Aliyelichukua

Gari lilikuwa chini ya mkungugu, nyuma ya nyumba ya karani mmoja mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kongwa. Land Rover Series III, aina ya 109, chasisi ndefu, la mwaka 1978. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Tairi zote nne zilikuwa zimelala chini na nyasi zilikuwa zimeota katikati ya bampa na rejeta. Karani alitaka shilingi 1,800,000. Kadi ya gari alikuwa nayo, ndani ya bahasha ya kaki, safi kuliko gari lenyewe.

Nilikuwa na shilingi 3,500,000. Milioni moja na nusu zilikuwa zangu, nilizokusanya kwa kufundisha tuisheni tangu nimalize shahada ya historia. Milioni mbili zilikuwa za mama, za alizeti na mbuzi sita. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na alitakiwa kuripoti Oktoba na ada ya shilingi 1,650,000. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: ninunue gari Julai, nilitengeneze kwa miezi miwili, niliuze kwa milioni sita, nimrudishie mama hela yake kabla ya mvua, ada itoke kwenye faida, na mimi nibaki na mtaji wa gari la pili.

"Sawa, mwanangu," mama alisema. "Ila hela hii ina kazi yake. Mvua zikianza nataka mbegu."

Nilikwenda kulitazama gari na fundi wetu wa mtaani, mzee wa miaka sabini hivi ambaye kila mtu humwita Mzee Fundi. Nilidhani atafungua boneti. Hakufungua. Alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayepima shamba kwa hatua.

"Limekaa hapa muda gani?"

"Miaka tisa, mzee. Mwenyewe anasema alikosa hela ya matengenezo."

"Hilo ni jibu la muuzaji. Mimi nataka jibu la wanunuzi. Kongwa hii ina watu wanaojua magari. Miaka tisa wanapita hapa kwenda mnadani, wanaliona, wanaliacha. Kwa nini hakuna aliyelichukua?"

Sikuwa na jibu. Nililinunua kesho yake.

Ninachokumbuka kwa aibu ni kwamba mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kulisikia swali lile vizuri zaidi. Nilikuwa nimeandika insha yangu ya mwaka wa tatu juu ya historia ya Kongwa, na historia ya Kongwa ni historia ya watu waliopenda kitu rahisi bila kuuliza kwa nini kilikuwa kimebaki.

Turudi 1946. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza, iliyokuwa upande wa washindi, ilikuwa bado inakula kwa mgao. Mafuta ya kupikia yalikuwa haba. Mwezi Machi mwaka huo Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alileta wazo: Afrika Mashariki ina ardhi tupu kubwa, ipandwe karanga kwa mashine, mafuta yapatikane. Serikali ikatuma ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa ya ndege.

Ripoti yao ilipendekeza ekari 3,210,000. Hilo ni eneo kama mara tatu ya Wilaya ya Kongwa ya leo. Lingegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25 kwa miaka sita. John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, aliupokea mpango huo kwa moyo wote, na mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walifika Kongwa kupiga kambi.

Kwa nini Kongwa? Kwa sababu ilionekana tupu. Utupu huo uliandikwa kama faida: hakuna watu wengi wa kuhamisha, hakuna mashamba mengi ya kulipia fidia, vichaka tu na mibuyu. Lakini Wagogo walikuwa wameishi katika nyanda hizi kwa karne nyingi. Walijua mahali pa kulima uwele na mtama, mahali pa kuchungia ng'ombe, na mahali pa kuacha. Sehemu zilizoachwa zilikuwa na sababu zake. Maji ni shida, na mvua ya mwaka, ambayo mara nyingi ni kati ya milimita 400 na 600, inaweza kuja yote kwa wiki chache au isije kabisa. Udongo wake ukiloa unalimika. Jua likiupiga unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na ndani yake mna mchanga mkali unaokula chuma. Karanga ni zao linalokomaa chini ya ardhi. Ardhi ikifunga kabla ya kuvuna, karanga zinabaki humo.

Ardhi ile, kwa maneno ya Mzee Fundi, ilikuwa imekaa miaka yote hiyo na wajuzi walikuwa wakiipita. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha ikaja shida ya mashine. Dunia ya 1947 haikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Viwanda vilikuwa vikitoka kwenye kutengeneza silaha, na kila nchi ilikuwa inagombea kilichopo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kulima ekari 150,000. Kwa hiyo wanunuzi wa mradi walikwenda kwenye mabaki ya vita. Katika Ufilipino jeshi la Marekani lilikuwa limeacha malundo ya matrekta na matingatinga baada ya kampeni ya Pasifiki, na yakanunuliwa kwa ajili ya Tanganyika. Yalikuwa mitumba kwa maana ile ile tunayoijua leo: kitu kilichotumika kwa mwingine, kikafungwa, kikasafirishwa, na mnunuzi anagundua matobo akishafika nyumbani.

Matobo yalikuwa mengi. Mashine nyingi zilikuwa zimeshafanya kazi ngumu ya vita, kisha zikaachwa kwenye mvua na chumvi ya bahari. Zilikuja za aina tofauti, na vipuri havikuja vya kutosha. Zikapita bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa imezidiwa na mizigo, zikapakiwa kwenye Reli ya Kati, zikashushwa Msagali kwa ajili ya Kongwa. Madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa haraka. Vichaka vya Kongwa vikazipokea: mizizi inayokunja majembe ya plau, mibuyu isiyosukumika, vumbi linaloingia kila penye beringi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Kati ya ekari 150,000 zilizotarajiwa, zilizopandwa karanga zilikuwa kama 7,500.

Lipo jambo moja katika habari hii ambalo wanafunzi wangu wa tuisheni hawakuwahi kuliamini mpaka niliwaonyesha picha. Matrekta yalipokosekana, kampuni ya Vickers-Armstrongs iliagizwa kuchukua vifaru vya Sherman, kuvivua mizinga na paa lake, na kuvigeuza kuwa matrekta. Viliitwa Shervick, jina lililounganishwa kutoka Sherman na Vickers. Nabii Isaya aliwahi kuzungumza juu ya kufua panga ziwe majembe, na nadhani wapo walioona kwamba maono hayo yanatimia Ugogo. Lakini kifaru kiliundwa kukimbia, kupiga na kukimbia tena. Trekta hutakiwa kuvuta pole pole, kutwa nzima, mzigo ule ule. Shervick hazikuleta wokovu uliotarajiwa. Kubadilisha umbo la kitu ni kazi ya wiki chache kiwandani. Kubadilisha kazi ambayo kila kiungo chake kiliundiwa ni habari nyingine.

Land Rover yetu tuliivuta kwa maksai wanne wa mjomba wangu kutoka kwa karani mpaka gereji. Gereji ya Mzee Fundi ni mti, paa la mabati na benchi moja. Fuawe yake ni kipande kizito cha mnyororo wa trekta la kutambaa. Yeye husema ni cha enzi za karanga, kilikuwa cha babaye, na kwamba ndicho chuma pekee cha mradi ule ambacho hakijawahi kuharibika.

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari. Mzee alinitaka niandike kila kitu kabla hajagusa spana. Gari, 1,800,000. Ufundi, 400,000, nusu sasa na nusu likiuzwa. Tairi nne za mtumba, 360,000. Betri, 160,000. Ringi za pistoni, gasketi, plagi, platini na kondensa, 310,000. Raba za breki na mafuta yake, 95,000. Kabureta, 60,000. Rangi na msasa, 140,000. Jumla 3,325,000. Nikabakiwa na 175,000 za dharura.

"Ndogo," alisema.

"Ndizo zilizopo, mzee."

"Basi tutumie mikono zaidi ya hela."

Injini ilikuwa imeshika. Alifungua plagi, akamimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya breki katika kila silinda, akaziba kwa matambara, akaniambia niende nyumbani nirudi baada ya siku nne. Niliporudi alinipa hendeli. Land Rover za zamani zina tundu mbele la kuizungushia injini kwa mkono, na nadhani ni moja ya sababu zimeishi muda mrefu vijijini. Siku ile hendeli haikusogea. Siku iliyofuata ilisogea kidogo, kama mlango wenye kutu. Siku ya tatu ilizunguka mzunguko mzima, na mzee akapiga kofi moja tu, akaendelea na kazi nyingine.

Tangi la mafuta lilikuwa na kutu ndani. Tulitia mnyororo mfupi na lita moja ya mafuta ya taa, tukalifunga, tukalitikisa kwa zamu asubuhi nzima. Breki zilikuwa zimekauka. Dainamo alikataa kununua. Aliifungua, akasafisha, akairudisha. Mlango wa kushoto ulikuwa umepinda, naye aliunyoosha kwa nyundo ya mpira, taratibu, kwa sababu bodi ya Land Rover ni alumini na alumini ikipigwa kwa hasira inatatuka.

Nilikuwa nikishika mlango ule wakati naye anagonga, ndipo nikakumbuka jambo lililokuwa kwenye madaftari yangu ya chuo na ambalo sikuwahi kuliunganisha na Kongwa. Bodi ya Land Rover ni alumini kwa sababu mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Ni mwaka ule ule, na ni uhaba ule ule wa baada ya vita uliowaleta watu wa karanga hapa.

Habari yake ni fupi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kwenye shamba hilo alitumia Jeep ya kijeshi, mabaki ya vita. Jeep ilikuwa imechakaa na vipuri vyake vilikuwa taabu kupata. Akajiuliza ataweka nini badala yake. Katika majaribio ya kwanza, mwaka 1947, yeye na wenzake walitumia chasisi ya Jeep. Chuma kilikuwa cha mgao, alumini ilikuwepo, wakatumia alumini. Rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitoka kwenye akiba ya rangi ya ndege za kijeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam, na miaka sitini na saba ikapita kabla kiwanda hakijafunga uzalishaji wa mzao wake wa mwisho, mwaka 2016.

Watu wa aina moja, basi, nchi moja, mwaka mmoja, malighafi ile ile ya mabaki ya vita. Kwa nini kimoja kilifika mpaka chini ya mkungugu wa karani na kingine kikawa dhihaka? Mtu anaweza kusema ni bahati, au kwamba kutengeneza gari ni rahisi kuliko kulima Ugogo. Kuna ukweli humo. Lakini mimi naona tofauti moja iliyo wazi. Wilks alianza na mashine moja mbovu kwenye shamba lake mwenyewe, akijua kwa nini ni mbovu na vipuri gani havipatikani. Watu wa karanga walianza na namba, ekari 3,210,000, kisha wakatafuta mashine za kuitosheleza namba, kisha ardhi ikatakiwa ikubali. Huyo alihesabu kuanzia chini. Hawa walihesabu kuanzia juu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeanza na milioni sita.

Ufa tuliuona wiki ya saba. Gari lilikuwa linawaka, linatembea, linasimama likiambiwa lisimame. Nilikuwa chini nakwangua matope ya miaka ili tupake chasisi rangi nyeusi. Nyuma, mahali springi ya kulia inaposhikilia, palikuwa na lami nene. Niliikwangua. Chini ya lami palikuwa na bamba jembamba la bati, na chini ya bamba chasisi ilikuwa imepasuka kutoka juu karibu mpaka chini. Kidole changu cha mwisho kiliingia.

Mzee aliinama, akaangaza kwa simu, akakaa kimya kwa muda.

"Hilo ndilo jibu la wanunuzi," alisema.

Karani, nina hakika, hakujua. Aliyeweka bamba na lami ni mtu wa zamani zaidi, labda fundi aliyetaka kulipwa au mwenye gari aliyetaka kuuza. Lakini wanaojua magari Kongwa walikuwa wamejilaza chini, wakaona lami mahali pasipohitaji lami, wakaondoka zao.

Kutengeneza vizuri, kushusha bodi, kukata, kuweka mabamba mazito pande zote mbili na kuchomelea, kungegharimu 450,000. Nilikuwa na 175,000. Pati, msasa na rangi nyeusi vingegharimu elfu kumi na tano. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Mfanyabiashara mmoja wa Kibaigwa alikuwa ameshanipigia simu mara mbili; alitaka gari la kubebea mahindi kutoka vijijini mpaka sokoni, na alikuwa tayari kutoa milioni sita kasoro kidogo.

Nitasema ukweli kuhusu usiku ule. Sikulala nikiwaza habari ya haki. Nililala nikiwaza namna pati inavyokauka. Nilijiambia kwamba gari limeishi na ufa huo miaka mingi. Kwamba na mimi niliuziwa. Kwamba mnunuzi ni mtu mzima, na akague mwenyewe. Kwamba ada ya mdogo wangu haiwezi kungoja maadili yangu.

Kilichonirudisha ni ukurasa mmoja wa historia, na kinanishangaza mpaka leo, maana sikuwahi kudhani ule mradi una la kuniambia zaidi ya kunipa maksi. Mwaka 1948 mradi wa karanga ulihamishwa kutoka kwa United Africa Company kwenda kwa shirika la umma, Overseas Food Corporation. Mashine zilikuwa zimekufa tayari, udongo ulikuwa umeshajibu, na watu waliokuwa Kongwa waliyajua hayo. Lakini kule London matumaini yaliendelea kutolewa bungeni, malengo yakipunguzwa kidogo kidogo, kila mara kwa maelezo kwamba sasa ugumu umepita. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949 zilipokaguliwa, wakaguzi walikataa kuzipitisha hivi hivi. Walisema vitabu havikuwa vimetunzwa ipasavyo. Ilichukua mpaka Januari 1951 serikali kutangaza kwamba basi. Pauni milioni 36 zikafutwa. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa.

Kushindwa kwa 1947 kulikuwa ni kushindwa kwa kawaida. Mtu hununua mashine mbovu, huingia kwenye udongo asioujua, hukwama. Hilo lingegharimu sehemu ndogo ya hela ile. Kilichogharimu zilizobaki ni pati: miaka mitatu ya kupaka rangi juu ya ufa ambao kila aliyekuwa chini ya gari alikuwa ameuona. Na aliyelipa si waziri peke yake. Wagogo walifyekewa malisho, vijana waliacha mashamba yao wakafuata mshahara uliokatika, na vichaka vilivyong'olewa kwa minyororo haviwezi kuambiwa virudi.

Halafu kulikuwa na jambo jepesi kuliko historia. Barabara ya kutoka Kongwa kwenda Mpwapwa ina milima, na gari la mahindi Kongwa halibebi mahindi tu. Juu ya magunia wanakaa watu.

Asubuhi nilimpigia mfanyabiashara nikamweleza. Alinishukuru kwa heshima nyingi, na hakupiga tena.

Mzee Fundi alinipa njia nyingine. Angechomelea kwa mkopo, mabamba akitoa kwenye vyuma vyake, na nimlipe gari likiuzwa; lakini kwa sharti kwamba asichomelee mpaka mnunuzi awepo na auone ufa kwa macho yake. "Nikiuziba kabla," alisema, "nani atakuamini kwamba niliuziba vizuri? Lami nayo ilikuwa imeziba."

Wiki mbili zikapita. Mdogo wangu hakuripoti siku aliyotakiwa; nilimsindikiza mama kwenda kuomba muda, na safari ile kwenye basi, mama akiwa ameshika mkoba wake magotini bila kusema neno, ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe. Katikati ya Oktoba akaja mfugaji mmoja, mtu wa maneno machache, aliyetaka gari la kupelekea maji kwa ng'ombe wake kiangazi. Hakuuliza bei. Alivua shati, akalala chini ya gari. Alipotoka alisema, "Kuna ufa." Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nakungoja uuone. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Kazi ya kuchomelea ilichukua siku tatu naye akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Alilipa milioni tano na elfu hamsini. Toa 3,325,000 za daftari, toa 450,000 za chasisi. Faida ikabaki 1,275,000. Ada ilipungua kwa 375,000 na nikazitoa kwenye mtaji wangu. Mama alirudishiwa milioni mbili zake, na mbegu zikapatikana kabla ya mvua. Mdogo wangu aliripoti wiki mbili na siku moja baada ya wenzake, na bado hunikumbusha.

Mara moja moja huliona gari lile likipita, matangi mawili ya maji nyuma, likienda upande wa ranchi. Ranchi ya Kongwa iko kwenye ardhi ile ile iliyofyekwa kwa ajili ya karanga. Baada ya yote, ng'ombe walirudi mahali Wagogo walipokuwa wakiwachungia. Majengo ya mradi nayo yalipata kazi nyingine. Kuanzia 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, na walianzia katika majengo yaliyoachwa na watu wa karanga. Hapa kwetu kitu kibovu hakitupwi. Kinaulizwa kwanza kinaweza kufanya nini.

Na karanga zipo. Mama hupanda nusu ekari, kwa jembe la mkono, kwenye kipande kile tu ambacho babu alimwonyesha, cha kichanga laini karibu na korongo. Mwaka huu alivuna magunia mawili na nusu.

Wiki iliyopita mtu wa Mbande alinipigia simu. Ana Suzuki ndogo ya kuuza, imesimama uani kwake, na bei aliyoitaja ni nzuri mno. Nilimshukuru. Kisha nikamwuliza imesimama hapo tangu lini, na ni wangapi walishakuja kuiangalia.